Barua kwa mwanangu: Kumtaja mama kwa Kiingereza

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako kutoka Leeds, nami nashukuru kwamba u mzima na kazi inaendelea. Umeniuliza inakuwaje wenzako wa kazini, watu wazima wenye wajukuu, husema "my mum" na "my dad" kama watoto wa chekechea, na kama nawe uwafuate au ushikilie "my mother" uliyofundishwa shuleni kuwa ndiyo ya heshima.

Sema "my mum", wala usione haya. Huko Uingereza mtu huzeeka na neno hilo. "My mother" ni sahihi kabisa, lakini katika maongezi ya chai husikika baridi kidogo, na msikilizaji huweza kudhani kwamba wewe na mama yako hamwelewani, au kwamba unajiandaa kutoa habari nzito. Liweke kwa ajili ya hotuba na barua za ofisini. Usilolazimika kuiga ni "mummy". Mwaka 2002, kwenye tamasha la Jubilei ya Dhahabu ya Malkia Elizabeth katika Kasri la Buckingham, mwanawe Charles, ambaye sasa ndiye mfalme, alimwita mama yake "Your Majesty" mbele ya umati, kisha akaongeza "Mummy", naye alikuwa na umri wa miaka 53. Ukoo wa kifalme unaruhusiwa. Ukisema hivyo wewe, watakuona unajidekeza.

Kila upande una neno lake. Wales, Ireland na Newcastle husema "mam"; Birmingham wengi husema na kuandika "mom", kama Wamarekani; na katika majimbo ya kusini mwa Marekani mzee mwenye mvi humtaja baba yake "my daddy" bila kuchekwa na mtu. Kwa hiyo ukimsikia jirani akisema "me mam", usimsahihishe. Hiyo ndiyo lahaja yake.

Utasikia pia "Mum" tupu, bila "my". Hivyo husemezana ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa mama ni wao wote. Unapomjulia mwenzako hali ya mzazi wake, "your mum" inatosha, ila kama mwenyewe humtaja kwa "my mother", mfuate yeye, maana huenda ana sababu zake.

Kuna jambo hukuuliza, nami naona ndilo litakalokutatiza zaidi. Sisi mama yako mdogo wa Korogwe ni mama, basi. Huko ukisema "my mum" leo ukimkusudia aliyekuzaa, na kesho ukimkusudia yeye, msimamizi wako atachanganyikiwa, na siku ya kuomba ruhusa ya msiba (Mungu aiweke mbali) atashangaa mtu kufiwa na mama mara mbili. Mwite "my aunt", na ukiona neno linapwaya, ongeza kwamba ndiye aliyekulea ulipokuwa mdogo.

Vilevile usiitafsiri "mzee wangu". Kwetu imejaa heshima, lakini "my old man" ni maneno ya kijiweni, na wako wanawake wa Kiingereza wanaowataja waume zao hivyo hivyo. Mimi nitaje kwa "my dad".

Ni mimi baba yako,
Tanga