Taja pwani kwanza, mwezi baadaye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: anayetaka kuzuru nchi za joto aende mwezi gani? Mimi simjibu mtu swali hilo kabla hajaniambia anakwenda upande upi wa nchi, na anakwenda kufanya nini.

Wengi huanza kwa kutazama vipimo vya joto. Karibu na ikweta, kwenye usawa wa bahari, hilo halisaidii, kwa sababu mwezi mmoja na mwingine hupishana nyuzi chache tu. Kinachogeuka ni upepo. Ukitoka baharini ukagonga milima, mvua humwagika upande ule, na nyuma ya milima kukabaki kukavu.

Ndiyo maana "msimu mzuri wa Thailand" ni maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Phuket iko upande wa Bahari ya Andaman, na pepo za kusini-magharibi huinyeshea kuanzia Mei hadi Oktoba. Ko Samui iko upande wa pili, kwenye Ghuba ya Thailand, na mvua zake kubwa ni za Oktoba hadi Desemba, hasa Novemba, wakati Phuket imeshaanza kukauka. Sri Lanka nayo ni hivyo hivyo. Mwezi Julai bahari ya Galle, pwani ya kusini-magharibi, imechafuka, na huko Trincomalee, pwani ya mashariki, watu wanaogelea bila wasiwasi. Anayekukataza kwenda Sri Lanka mwezi Julai amekunyima nusu ya kisiwa.

Halafu kuna kupwa na kujaa, jambo ambalo matangazo ya hoteli hayaligusi kabisa. Chukua pwani ya mashariki ya Unguja, Paje au Jambiani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hutoka katikati ya asubuhi na kwenda mbali kuelekea kwenye mwamba. Huo ndio wakati wa kina mama wanaolima mwani kuingia kazini. Aliyekuja kuogelea atatembea mpaka achoke, na maji bado yako chini ya magoti. Wiki moja hivi baadaye, maji yakiwa mafu, bahari haiendi mbali kiasi hicho. Ni pwani ile ile, mwezi ule ule wa kalenda, na likizo mbili tofauti kabisa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Maporomoko ya Victoria. Mtu hudhani mvua zikikoma maji nayo yatapungua. La, hasha. Maji ya Zambezi hutoka mbali, kaskazini-magharibi mwa Zambia na Angola, kwa hiyo mto hufurika hasa Aprili na Mei, mvua zikiwa zinaisha au zimeshaisha. Ukifika wakati huo utasikia mngurumo, utaloa chapachapa, na maporomoko yenyewe huenda usiyaone kwa wingi wa manyunyu. Ukija Oktoba au Novemba, upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta huwa mwamba mtupu, lakini umbo la korongo utaliona vizuri. Mimi ningechagua Juni au Julai: maji bado ni mengi na manyunyu yamepungua. Mpiga picha anaweza kunipinga, na ana haki.

Kuhusu vimbunga sina mengi. Msimu wa Karibi ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Septemba. Asiyetaka bahati nasibu aende nje ya hapo, au aende Aruba, Bonaire na Curaçao, zilizo kusini mno hata vimbunga huzifikia kwa nadra.

Na msiogopeshwe na kile kiwingu chenye matone cha utabiri wa hali ya hewa kinachojaa kwenye simu wiki nzima. Mara nyingi maana yake ni kwamba itanyesha alasiri, kwa muda wa saa moja hivi, kwa nguvu zote, kisha jua liwake.

Mkinibana nitaje wakati mmoja, basi nitasema wiki zile mvua zinapokatika: vumbi halijaanza, majani bado mabichi, na wageni wengi hawajafika. Ila mpiga mbizi asinisikilize. Kama mito inamwaga matope karibu na anapozamia, maji yatakuwa bado yametibuka, na yeye ni heri asubiri mwezi mmoja zaidi.