Nauza pikipiki niliyoibadilisha vitu vingi, dalali anataka turudishe mita na nisiseme kama ilichomelewa. Inafaa?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe wangu. Mimi kijana wa hapahapa Tanga, Chumbageni. Nina pikipiki kubwa ya safari, Suzuki V-Strom 650, nilinunua kwa mtu na kadi mpaka leo ina jina lake. Nimeifanyia mambo mengi, eksozi nimebadilisha, nimefunga vyuma vya kinga pembeni, maboksi matatu ya mizigo, taa za LED za ziada, na sproketi ya mbele (lile gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo) nimetoa ya meno 15 nikaweka ya meno 14 ili ivute vizuri njia za vumbi. Kile chuma cha nyuma kinachobeba siti na maboksi kilipasuka nikakichomelea pale Ngamiani, nikapiga rangi, huwezi kujua. Waya za zile taa alifunga fundi wa mtaani, siku nyingine betri inalala. Sasa nimepata mteja wa Dar, nataka milioni 14. Dalali anasema tuirudishe mita kutoka 68,000 iwe 30,000 kwa sababu fundi kasema ile sproketi inafanya mita idanganye, kwa hiyo si sahihi hata ilivyo sasa. Anasema pia tuandike kwenye mkataba "imeuzwa kama ilivyo" tumemaliza, na yeye atamtajia mteja milioni 16, mbili ni zake. Na rafiki yangu mmoja ananiambia hata kule kuibadilisha chombo kilivyotengenezwa ni haramu. Naomba msaada shekhe.

JIBU: Waalaykumussalam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, umeuliza kabla ya kuuza, Mwenyezi Mungu akulipe kheri, maana wengi wanakuja hapa pesa ishaliwa na mnunuzi anapiga simu asubuhi na jioni, na hapo jibu linakuwa chungu kwa pande zote mbili.

La rafiki yako nalimaliza haraka. Aya anayoikusudia nadhani ni ile ya Suratun Nisaa, ya 119, ambayo shetani anaapa atawaamrisha watu wakate masikio ya wanyama na wabadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hiyo ni habari ya viumbe, pikipiki imeundwa kiwandani na watu kama wewe. Mali yako, ukitaka ibadilishe. Mpaka wake ni madhara tu, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kudhuru na kudhuriana, kwa hiyo kama hiyo eksozi inaamsha wagonjwa na watoto Chumbageni nzima usiku wa manane, au hizo LED umezielekeza juu zinampofua dereva anayekuja mbele, hapo pana neno na ujirekebishe. Lakini kubadilisha kwenyewe halali na kuuza kilichobadilishwa halali.

Sasa tuje penyewe, kwenye lile chuma.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta lundo la chakula kinauzwa, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye mali, nini hiki? Yule bwana akasema mvua imekinyeshea, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu. Akamwambia, mbona hukukiweka juu watu wakaona? Kisha akasema anayetudanganya si katika sisi. Imo kwenye Sahihi Muslim. Hebu itazame vizuri hadithi hii mwanangu, yule mtu hakumwagia maji chakula chake, ni mvua, na wala hakusema uongo, aliulizwa akajibu kweli. Kosa lake lilikuwa pale alipopanga kikavu juu na kibichi chini. Na wewe chuma hakikupasuka kwa kupenda kwako, kilipasuka kwa mizigo, hakuna wa kukulaumu. Kukichomelea pia si kosa, vyombo vinachomelewa kila siku. Lakini umeniandikia kwa mkono wako kwamba umepiga rangi "huwezi kujua". Hilo neno huwezi kujua ndilo limekutia kwenye hadithi hii. Mtu atafunga maboksi matatu, atampakia mkewe nyuma, ataondoka hapa aishike njia ya Segera kwenda Chalinze pamoja na mabasi na malori, na yeye hajui kuwa chini ya siti aliyokalia pana mahali pamewahi kuachana. Hapa hatuzungumzii pesa tena, ni roho ya mtu.

Kwa hiyo sema. Na uzuri wa sheria yetu haikwambii usiuze, inakwambia bainisha. Katika hadithi ya Uqba bin Amir, imo kwenye kitabu cha hadithi cha Ibn Majah, Muislamu ni ndugu wa Muislamu, wala si halali kumuuzia nduguye kitu chenye aibu ila ambainishie.

Najua utaniuliza sasa shekhe, nitaje kila kitu? Hata skrubu? Hapana. Imamu Nawawi kwenye Minhaji, kitabu tunachosoma sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, pwani yote hii, amepambanua aibu ni ipi: ni kila kinachopunguza kitu chenyewe au thamani yake, upungufu unaomkosesha mtu lengo lake la haki, ikiwa kawaida ya vitu vya aina hiyo ni kutokuwa nacho. Pima hapo. Vyuma vya kinga na maboksi, hizo pikipiki za safari karibu zote zinafungwa, havipunguzi kitu na vinaonekana kwa macho, hapo huna deni. Eksozi ni mali yako na wengine wataipenda, ila kama ulitoa na kile kichujio cha moshi, au injini inakula mafuta zaidi toka uibadilishe, mwambie, kwa sababu mtu wa safari ndefu anahesabu mafuta. Waya ndio aibu waziwazi, na wewe unaijua kwa kuwa betri inakulalia. Fungua siti, toa ile tepu nyeusi, ukikuta maungio yamefanya kijani kwa chumvi ya bahari yetu hii mwonyeshe hivyohivyo yalivyo, au bora zaidi mpelekee fundi wa umeme anayejua akuungie upya kisha uuze.

Mita. Hapa mwanangu dalali wako amekupa sababu nzuri ya jambo baya, na shetani ndivyo anavyofanya kazi, haji na uongo mtupu, anauchanganya na ukweli kidogo. Ni kweli kama mita ya pikipiki inasoma kwenye sproketi ya mbele, ukiweka yenye meno machache itazunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule na mita itahesabu zaidi. Sawa, tukubali. Sasa tupige hesabu, tuseme uliifunga mita ikiwa 40,000 na leo inasoma 68,000. Imehesabu 28,000 toka siku hiyo, gawanya kwa 15 zidisha kwa 14, unapata kama 26,100. Tofauti haifiki hata kilomita elfu mbili! Yeye anataka kukata elfu thelathini na nane. Ukitaka kusema kweli kamili mwambie mnunuzi mita inasoma 68,000, sproketi ilibadilishwa ilipofika kadhaa, kwa hiyo mwendo wenyewe ni pungufu kidogo, na hata spidi kwa hesabu hiyohiyo ikionyesha 100 wewe uko kama 93. Maneno haya yatakuongezea heshima kwake, na ni halali yako kuyasema.

Ama kurudisha mita ni haramu, hata mkipunguza kilomita mia. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kuwafunga matiti ngamia na mbuzi siku kadhaa bila kukamuliwa ili chuchu zijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi, na akampa aliyenunua mnyama wa namna hiyo haki ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Bukhari na Muslim wameipokea. Chuchu iliyojazwa kwa hila na mita iliyopunguzwa kwa hila ni kitu kimoja, ulimi umenyamaza lakini kitu chenyewe kimefanywa kiseme uongo. Mafundi mnaofanya kazi hii ya kurudisha mita na mnasoma hapa, ujira wake haufai, tafuteni kazi nyingine, zipo.

Sasa hilo la "imeuzwa kama ilivyo". Watu wanalichukua kama sabuni ya kuoshea kila kitu, wala siyo. Abdallah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kama hilo, kwamba hana dhamana ya aibu. Mnunuzi akaja akalalamika, huyu ana ugonjwa hukunitajia. Wakaenda kwa Sayyidna Uthman (r.a.), naye hakusema mkataba umeandikwa basi, alimtaka Ibn Umar aape kuwa alipouza hakuwa na habari ya ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Akapona kwake, akaja kumuuza kwa 1,500. Imo kwenye Muwatta ya Imamu Malik. Umeona swali la Uthman lilivyokuwa? Ulikuwa unajua au hujui. Na wewe chuma unakijua, waya unazijua. Mashafii sisi tumekaza zaidi, sharti hilo linamvua muuzaji dhamana kwenye mnyama tu, tena ile aibu iliyofichika ndani naye hakuijua, kwa sababu mnyama hali yake inabadilika na maradhi yanajificha. Chombo hakimo. Mahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, wamepanua, wanalikubali sharti la kujivua na aibu zote, lakini hata ukifuata kauli yao, kuficha kwa makusudi kunabaki ni ghushi, yaani udanganyifu, na dhambi yake iko palepale. Njia yako ya kujivua ni moja tu, umwonyeshe aone kwa macho yake, akiridhia akanunua, hana tena haki ya kukurudishia kwa aibu ile aliyoiona. Hapo ndio utalala.

Bei mimi siingii. Milioni 14, 15, mnavyoridhiana, sheria haikuwekea kiwango cha faida wala hulazimiki kumwambia uliinunua bei gani. Lakini ukitamka mwenyewe kwamba vifaa hivi nimevitia milioni kadhaa basi iwe kweli, na usiape kwa Mwenyezi Mungu kuisukuma bidhaa, Mtume (s.a.w.) amesema kiapo kinaitoa bidhaa na kinafuta baraka. Na kama mteja atataka kupunguziwa kwa sababu ya kile chuma usimwone mbaya, hiyo ni haki yake, wewe ungefanya vilevile. Jarir bin Abdallah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa 300, akamwona farasi ni wa thamani zaidi, yeye mnunuzi ndiye akawa anampandishia muuzaji bei mpaka 800, kwa sababu alimuahidi Mtume (s.a.w.) kumtakia kheri kila Muislamu. Hatukudai ufike huko.

Cha juu cha dalali. Dalali uliyemtuma wewe ni wakili wako, na anachokipata kwenye mali yako ni chako mpaka mkubaliane vingine. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa dinari moja na Mtume (s.a.w.) amnunulie kondoo, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akamrudishia kondoo na dinari yake, hakutia mfukoni, Mtume akamuombea baraka kwenye biashara yake. Sasa wewe umeambiwa waziwazi kuwa ataongeza mbili, na hilo la "uza hivi kinachozidi ni chako" wanazuoni wamekhitalifiana, Ibn Abbas (r.a.) amepokewa akisema halina ubaya na Imamu Ahmad ameliruhusu, Mashafii hawalikubali kwa kuwa ujira haujulikani. Ili utoke kwenye khilafu hiyo, yaani tofauti ya wanazuoni, mtajie ujira kamili, laki tano, milioni, mtakavyopatana, ajue na ujue. Wallahu aalam. Lakini sikiliza, akisema uongo kwa mteja nawe unajua umenyamaza, uongo ule umeingia kwenye mauzo yako, usiseme mimi sikuwepo.

Kadi usiuze nayo kimyakimya. Mtafute aliyekuuzia, mwende TRA mbadilishe umiliki kwanza, na kama hapatikani mteja ajue kabla ya kutoa hata shilingi, maana atakayesimamishwa na trafiki njiani ni yeye.

Na haya yote mwambie kwa simu kabla hajakata tiketi. Dar mpaka Tanga ni kilomita kama 350, mtu akishalipa nauli akalala gesti akapiga na mahesabu ya kurudi akiendesha, anaona haya kukataa, na kuridhia kwa kuona haya si kuridhia. Mpigie video, piga tochi chini ya siti, mwonyeshe pale palipochomelewa, mwambie aje na fundi wake akitaka. Halafu mwelewane mapema nini kinakwenda na pikipiki. Kwenye Minhaji viatu vya chuma vya mnyama vinaingia kwenye mauzo yake kwa kuwa vimepigiliwa, lakini tandiko na hatamu wanazuoni wetu wamesema haviingii mpaka vitajwe, kwa hiyo vyuma vya kinga vilivyofungwa kwa bolti vinakwenda nayo, maboksi ya kuchomoa yatajeni, na ile eksozi ya mwanzo na sproketi ya meno 15, kama bado unavyo nyumbani, useme kama unampa au unabaki navyo.