Kijivu au bluu? Ione kwanza ukutani kwako

Kama na wewe umekwama kati ya kijivu na bluu ya kupaka ukutani nakuelewa kabisa, mi nilihangaika na hilo swali karibu wiki tatu, na kitu kimoja nilikuja kukijua nimeshachelewa: kijivu unayoiona kwenye kadi ya rangi siyo utakayolala nayo.

Nilichagua ya chumbani kwa kale kakipande kadogo kama kidole gumba, nikaipenda, nikabeba makopo yote, fundi akapiga mkono wa kwanza na wa pili, jioni nawasha taa naingia, chumba kizima bluu! Tena siyo bluu ya kupendeza, ile ya baridi kama bati. Nikajua dukani wamenikosea kuchanganya, nikachukua kadi nikaibandika ukutani kulinganisha, ni ile ile. Kumbe kijivu nyingi zina rangi nyingine imejificha ndani, kuna zenye bluu, zenye kijani, zambarau, na zile za joto zinazoelekea rangi ya udongo, afu kuta nne zikitazamana zinamulikiana na ile iliyojificha inatoka nje. Ukitaka kuijua mapema weka kadi tatu nne za kijivu pamoja juu ya karatasi nyeupe, yenye bluu utaiona tu.

Na taa jamani, msizisahau. Angalia boksi la balbu, 2700K ni mwanga wa njano, 6500K ni mweupe unaoelekea bluu, na yangu ilikuwa hiyo ya pili, ndo maana usiku hali ilizidi.

Safari ya pili nilinunua kopo dogo dogo mbili, nikapaka kwenye vipande vya hadibodi nyeupe vya kama sentimita 60 kila upande, mikono miwili, nikaacha vikauke kabisa maana rangi mbichi na iliyokauka ni vitu viwili. Pembeni acha ukingo mweupe ili rangi ya zamani ya ukuta isikudanganye jicho. Nikawa navihamisha, asubuhi karibu na dirisha, mchana kwenye kona yenye giza, usiku chini ya taa.

Kwa maoni yangu chumba kisichopata jua usikipe kijivu hafifu ya baridi, kinaonekana kama plasta ambayo bado haijapakwa, bora bluu iliyokolea. Sebule yenye jua la kutosha, kijivu ya joto inakaa vizuri sana. Ila hiyo bluu iliyokolea chukua isiyong'aa, ya kung'aa inaonyesha kila mkwaruzo na kila alama ya rola.

Sasa hivi chumbani ni bluu, balbu nimebadilisha, na kile kipande cha hadibodi cha bluu bado ninacho nyuma ya kabati, nikienda kutafuta mapazia naondoka nacho.