P0420: usikubali masega yang'olewe kabla ya kupimwa

Ndugu, kama mashine ya kupima gari imesoma msimbo wa hitilafu P0420 na fundi anataka kung'oa masega (kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi), mzuie kwanza. Msimbo huo unasema usafishaji wa moshi umeshuka, hautaji chanzo. Liendeshe gari injini ipate joto vizuri, ishikilieni kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, mtazame kwenye mashine volti ya sensa ya oksijeni ya nyuma, ile iliyo baada ya masega. Ikitulia karibu volti 0.6 au 0.7, masega bado ni mazima. Ikipanda na kushuka upesi kati ya 0.1 na 0.9, huenda yamechoka, ila kagueni kwanza kama ekzosi inavuja, maana hewa inayopenya huidanganya sensa. Na kama injini inamisi (inaruka kuwaka) au inakula oili, tibu hilo kabla ya kununua masega mapya, la sivyo nayo yataharibika.