Akaunti ya programu ya mafunzo ya udaktari bingwa: nani aishike na nini kiwekwe

Umeuliza kama akaunti ya Instagram ya programu yenu ya ubingwa wa udaktari, yaani mafunzo ya daktari kuwa bingwa wa fani moja, itavuta madaktari waombe nafasi, na nani aishike. Itavuta, ikionyesha yale ambayo tovuti haisemi: zamu za usiku zinavyopangwa, nani anamsimamia daktari wa mwaka wa kwanza, walimu wanavyofundisha wodini. Picha za mahafali peke yake hazimsaidii mtu kuchagua.

Waachieni madaktari wawili au watatu wanaosomea ubingwa waandae, na mwalimu mmoja apitishe kabla ya kurusha. Nywila ibaki ofisini, la sivyo mwenye nayo akihitimu, anaondoka nayo.

Hatari kubwa iko kwenye vitu vinavyoonekana kwa nyuma pichani. Ikuzeni, mkague hadi pembeni: ubao wa wodi wenye majina, kioo cha kompyuta, filamu ya eksirei, utepe wa jina mkononi mwa mgonjwa. Kufunika uso hakutoshi, maana jeraha la nadra pamoja na tarehe humtambulisha mgonjwa. Bila ridhaa yake ya maandishi, msirushe kabisa.

Na tafadhali, msipekue kurasa binafsi za waombaji. Mtakutana na dini, ujauzito au siasa, mambo yasiyopaswa kugusa alama zao.