Mwewe au kipanga? Maswali yenu wiki hii

*Hapa Dunga, Kisumu, kuna ndege anayeshuka na kuninyakulia samaki juani. Mimi namwita mwewe, jirani yangu anasema kipanga. Nani amepata?*

Umepata wewe, dada. Mtazame mkia: wa mwewe una panda kidogo, na akiwa angani huupinda huku na huku kama nahodha anavyogeuza usukani. Tena hachagui, samaki, mzoga, taka za soko, vyote chakula. Kipanga mimi namwachia yule wa mabawa yaliyochongoka, anayemkamata ndege mwenzake hewani. Ila usimcheke jirani. Kipanga, kozi na mwewe hubadilishana majina kila ukihama mji.

*Wanaowinda kwa kutumia kozi wana msamiati wao. Sisi tusemeje? (Mwalimu, Nakuru)*

Mwalimu, hapa sioni haja ya kukopa kila neno. Kile kinachomfunika macho ni kofia. Ndege huyu huishi kwa macho, ukimziba anatulia. Miguuni huvaa vikamba vya ngozi. Chambo ni mabawa na kipande cha nyama kwenye kamba, huzungushwa hewani ili arudi. Akiruka mkononi ilhali amefungwa, akabaki kuning'inia, basi anapapatika. Na lile donge la manyoya na mifupa analotapika? Liite donge tu. Mfugaji mzuri hulingoja, maana humwonyesha kama tumbo liko sawa.

Neno moja ndilo gumu. Kwa kozi wengi, jike ni mkubwa kuliko dume, na Wafaransa walimpa dume jina linalotokana na “theluthi”, kwa kuwa humpungukia jike kwa kiasi hicho hivi. Sisi tuna “dume”, na linatosha. Uwindaji huu UNESCO iliuorodhesha kama urithi mwaka 2010.

*Ni kweli msitu wa Kakamega una tai anayekula kima?*

Kweli. Ana kishungi kichwani na kucha za kutisha.

*Kinda la kipanga limeanguka shambani kwangu Njoro. Naweza kulifuga?*

Hapana, mzee wangu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Kama lina manyoya na halijaumia, lipandishe kwenye tawi karibu na ulipolikuta. Wazazi huendelea kulilisha. Likiwa na jeraha, litie kwenye katoni lenye matundu, mahali penye giza na kimya, kisha uwapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ugali na maziwa usililishe.