Maswali ya Wasomaji: Kwa Meli ya Kitalii Kwenye Miji Mikongwe ya Visiwani

Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa mwakani. Tunataka kuzunguka Mediterania kwa meli ya kitalii, hasa miji mikongwe ya visiwani: Valletta (Malta), Rhodes na Heraklion (Ugiriki), Palermo (Italia). Wakala ametupa ratiba mbili za siku saba. Moja ina bandari tano, nyingine sita, na bei zinakaribiana. Tuchukue ipi? – Msomaji, Tanga

Hongereni sana, dada. Msihesabu bandari, hesabuni saa. Kwenye kila ratiba kuna saa ya meli kufunga gati na saa ya kuondoka. Toeni saa moja mwanzoni, kwa sababu meli ikishafunga bado kuna ukaguzi na foleni ya kushuka. Toeni tena saa moja na nusu mwishoni, kwa kuwa abiria hutakiwa kuwa wamerudi nusu saa au saa nzima kabla ya kung'oa, na njiani lazima kuwe na nafasi ya kuchelewa. Kinachobaki ndicho mnachokilipia. Meli ikifika Rhodes 08:00 na kuondoka 14:00, mmenunua saa tatu na nusu. Fanyeni hesabu hiyo kwa ratiba zote mbili. Si ajabu ile ya bandari tano ikawa na saa nyingi zaidi.

Angalieni pia kama meli inafunga gatini au inatia nanga nje, kama ilivyo Santorini. Ikitia nanga, watu hushushwa kwa boti ndogo, na hapo toeni nusu saa nyingine kwenda na nusu saa kurudi. Julai na Agosti huvuma upepo uitwao meltemi katika bahari ya Aegean. Mtu wa pwani ataufahamu haraka: unatoka kaskazini kama kaskazi yetu, ila wao wanaupata wakati sisi tuko kwenye kusi. Ukizidi, boti hazishushwi, nahodha anaipita bandari hiyo, na nauli hairudi. Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Oktoba ni bora, na jua nalo huwa limepoa.

Rhodes ndiyo rahisi kuliko zote. Meli hufunga karibu na kuta za mji wa kale, na mnaingia kwa miguu. Mtaa wa Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, watawa wapiganaji wa Kikristo waliokitawala kisiwa kuanzia 1309 hadi 1522, unapanda hadi jumba la mkuu wao. Jumba mnaloliona sasa lilijengwa upya na Waitaliano miaka ya 1930, baada ya la zamani kuharibiwa na mlipuko wa baruti mwaka 1856. Kosa la wengi ni kutaka mji wa kale na Lindos siku hiyohiyo. Lindos iko kilomita 50 hivi kusini, na kwenda na kurudi tu kunakula saa mbili. Chagueni kimoja.

Heraklion, anzeni na Knossos, magofu ya jumba la kale kilomita 5 nje ya mji, mapema iwezekanavyo, maana kivuli ni haba na makundi ya mabasi hujaa kadiri asubuhi inavyosonga. Makumbusho ya mjini yasubiri mchana, ndani kuna ubaridi. Palermo, msikose Cappella Palatina, kanisa la mfalme Roger wa Pili lenye dari la mbao lililochongwa na kuandikwa Kiarabu katika karne ya 12.

Jambo moja zaidi kuhusu saa. Ratiba ikisema 17:00 ni saa 11 jioni kwetu, lakini msiitafsiri kichwani. Iandikeni kama ilivyo na muisome kama ilivyo. Ugiriki iko saa moja mbele ya Malta na Italia, na baadhi ya meli hubaki na saa yake yenyewe. Valeni saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli, kwa sababu simu hujibadilisha yenyewe mkifika nchi kavu.

Meli yetu inaanzia Piraeus, inapita Kusadasi nchini Uturuki, kisha inarudi visiwa vya Ugiriki. Nimeambiwa visa ya Schengen ya kuingia mara moja inatosha. Ni kweli? – Msomaji, Nairobi

Si kweli. Uturuki haimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Mkifika Kusadasi mmetoka, na kurudi Ugiriki ni kuingia mara ya pili. Mwenye visa ya mara moja huweza kuzuiwa tangu siku ya kwanza gatini, begi likiwa mkononi. Ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja, mkiambatisha ratiba ya meli ili ofisa aone sababu. Kwa Uturuki yenyewe, pateni masharti kutoka kampuni ya meli kwa maandishi.

Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi mtakayoingia kwanza. Mlango hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na hufungwa siku 15 kabla, lakini jibu linaweza kuchukua hadi siku 45, hivyo pelekeni miezi mitatu mapema. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Kama Malta imo kwenye safari yenu, bebeni pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Tutakuwa Valletta kwa muda wa saa sita tu. Tuanzie wapi? – Msomaji, Muscat

Anzeni mkiwa bado melini. Meli inapoingia Bandari Kuu, simameni sitaha ya juu, upande wa kulia mkitazama omo. Mtaiona ngome ya St Elmo, iliyozingirwa na Waosmani mwaka 1565, kisha mji mzima wa mawe ya rangi ya asali, ulioanzishwa mwaka uliofuata. Hakuna kuingia bandarini kuzuri kuliko huku katika Mediterania.

Mkishuka msipande mlima kwa miguu. Tembeeni hadi lifti ya Upper Barrakka, yenye kimo cha mita 58, inayowafikisha bustanini. Kutoka hapo nendeni moja kwa moja Kanisa la Mtakatifu Yohana, kabla foleni haijawa ndefu, mkaone mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, wa mwaka 1608. Mabega yafunikwe, na viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi, kwa kuwa sakafu ni makaburi ya marumaru. Jumapili watalii hawapokelewi. Rudini bustanini kabla ya 12:00, mzinga unapopigwa.

Tegeni sikio sokoni pia. Kimalta kina asili ya Kiarabu: sita kwao ni sitta, kitabu ni ktieb.

Mke wangu huchafukwa moyo hata kwenye boti ya Zanzibar. Je, chumba cha ghali kitasaidia? – Msomaji, Dar es Salaam

Bei haisaidii, mahali ndipo panaposaidia. Meli hupanda na kushuka kama ubao wa pembea: omo na tezi husogea sana, katikati kidogo. Chukueni chumba cha katikati, sitaha za chini, hata kama hakina dirisha. Msikubali ile bei nafuu ambayo kampuni ndiyo inayowachagulia chumba, maana mnaweza kutupwa omoni. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya meli kuondoka. Akishaanza kutapika haikai tumboni.

Na pasi ya nguo iacheni nyumbani. Huchukuliwa kwenye ukaguzi kwa hofu ya moto, mkarudishiwa siku ya mwisho.